Siku Tulipoichambua Boti ya Ngassa Kama Pamba

Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, njoo hapa karibu na jiko, joto halina mwenyewe. Anayetafuna karanga atafune mdomo umefungwa, maana neno nikishalitoa silirudii, pumzi yangu ya siku hizi si ya kuchezea. Kimya kimeingia? Bado nasikia mtu anacheka. Haya, sasa kimeingia.

Kijiwe chetu kilikuwa papa hapa Bariadi, kwenye kona hii hii, ubavuni mwa karakana ya Sylvester, fundi wa bampa za magari. Palikuwa na benchi moja la ubao, jiko langu, birika langu la kahawa, na vikombe ambavyo kila mtu alijua chake kwa ufa wake. Na mwaka ule, juu ya matairi manne mabovu, katikati ya vumbi, mahali ambapo maji ya karibu ni ya bomba na bomba lenyewe hutoka likitaka, ilikaa boti. Boti ya faiba, ndefu kama ng'ombe watatu waliofuatana, rangi yake ya buluu imebabuka kama kisigino. Kuku walitaga ndani. Wenye bajaji walipunguza mwendo wakipita, na mama mmoja alishuka kabisa kuniuliza kama kuna mafuriko yanakuja ambayo hayajatangazwa.

Mwenye boti alikuwa Mzee Ngassa wa Kalemela, kule Busega ziwani. Aliileta juu ya lori lililokuwa linapanda tupu kufuata marobota ya pamba. Shida yake tuliijua wote. Alikuwa na wana wawili, Mihayo na Kristofa, na binti mmoja, Minza, na katika hao watatu anayevua ni Minza peke yake. Wale wana walitaka boti ikatwekatwe, injini iuzwe. Ngassa akawaambia mbele ya ukoo: ikirudi majini kabla mwezi haujaisha, ni ya Minza, isiporudi, fanyeni mtakavyo. Lori la kuishusha lilikuwa linaondoka Jumapili. Siku ninayowasimulia ilikuwa Alhamisi.

Sylvester alikuwa amepata msiba Nkololo. Asubuhi ile, akiwa tayari juu ya pikipiki, alimwekea Ngassa marobota mawili madogo juu ya benchi.

— Mzee, hili ni la mkeka wa nyuzi, nyuzi zake zimetawanyika tu. Hili jingine ni kitambaa, nyuzi zake zimefumwa. Zote ni kioo kilichovutwa kikawa uzi. Fikiri unataka lipi tulijengee boti yako, nikirudi mchana uniambie.

Akaondoka. Kosa lake Sylvester ni hilo moja: aliacha swali juu ya benchi letu.

Wenye benchi walikuwa watatu. Wa kwanza Danford, ambaye tulimwita Fifi. Maisha yake yote alikuwa kwenye mizani ya pamba, kazi yake kutazama pamba ya mtu na kusema hii safi, hii fifi, yaani chafu, na ya kwako ilikuwa fifi hata kama umeiosha kwa machozi. Wa pili Bujiku, jina la kijiweni Mbavu, mchunga ng'ombe na mchinjaji, hana jambo ambalo halifanani na ng'ombe. Wa tatu Januarius, kijana wa makamo, tulimwita Bando, kwa sababu alijua kila kitu kilichomo kwenye simu mpaka katikati ya sentensi, ndipo bando lilipokata.

Nikawamiminia. Ngassa akachukua kikombe, hakunywa, anatazama tu boti.

— Mwangaluka, Ngassa, — akasema Fifi. — Usihangaike. Umefika kwa wataalamu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Maana yake nini? — akauliza Mbavu.

— Maana yake ndiyo hiyo.

— Tezi ni ugonjwa, mzee, — akasema Bando. — Wa wanaume. Unaingiaje kwenye boti?

— Ndiyo maana wahenga wakasema umrudishe mtu, asisafiri nao.

Ngassa, ambaye ndiye peke yake pale aliyewahi kukaa tezi, nyuma ya chombo, na kukaa omo, mbele yake, akainamia kikombe chake. Mgeni ni mgeni.

— Mimi naona hivi, — akasema Mbavu. — Boti ni ng'ombe aliyelala chali. Tazama. Huu uti wa mgongo, hizi mbavu, kule nyuma panapofungwa injini ni nyonga. Sasa ng'ombe akivunjika nyonga, nani amewahi kumfunga kitambaa?

— Nani? — akauliza Bando.

— Hakuna. Tunamla.

Ngassa akashtuka, kahawa ikamwagika.

— Usiogope, baba, nasema tu. Lakini ngozi! Ngozi mbichi ya dume, ukiivisha kitu ikakaukia pale, hata radi haiibandui. Boti hii inataka ngozi kama tisa. Manyoya nje. Samaki wakiiona watadhani ni kiboko, watakuja kula vinyesi vyake, na Minza atawazoa tu.

— Na harufu? — nikamuuliza mimi.

— Harufu ndiyo chambo, mayu.

Bando alikuwa ameshainamia simu.

— Sikilizeni wasomi. Hapa imeandikwa: "Katika kukarabati boti kuukuu, uteuzi wa faiba unategemea..." Ngoja. Inazunguka. "Unategemea kwanza kabisa..." Imekata.

— Unategemea nini?

— Kwanza kabisa. Ndipo ilipokatia. Lakini faiba naijua. Si ndiyo ile ya mtandao waliyochimbia kando ya barabara? Nyuzi za kioo hizo hizo! Kumbe Mzee Ngassa ukiipaka boti yako yote faiba, haihitaji bando. Minza akiwa katikati ya ziwa anapiga video, anaonyesha samaki kabla hajamtoa majini, mnunuzi wa Lamadi anasema huyo simtaki, toa mwingine.

— Kwa hiyo ninunue lipi? — akauliza Ngassa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Lile lililofumwa, — akasema Bando, — maana mtandao ni wavu.

— Ngoja kwanza, — akasema Mbavu. — Ni kioo?

— Kioo.

— Kioo kile cha dirishani?

— Kilichovutwa.

— Basi kina mambo mawili. Moja, samaki watatuona. Wewe umekaa ndani unatega, mwenzio yuko chini anakuhesabu vidole. Mbili, kitavunjika. Mwanamke akipiga vigelegele tu humo ndani, mnazama wote. Boti hii ikitengenezwa kwa kioo, marufuku harusi.

— Mchagua jembe si mkulima! — akasema Fifi kwa nguvu, akagonga benchi. — Mnabishana mambo ya harusi na robota liko hapa halijaguswa. Mimi miaka thelathini nimenunua kwa mkono, si kwa mdomo. Leteni.

Akalifungua lile la mkeka. Watoto wangu, lilikuwa jeupe. Jeupe, laini, linang'aa, limelala kama pamba ya kwanza ya msimu ikiwa bado haijapata vumbi. Na sisi wa huku mnatujua. Mtu wa Bariadi ukimwekea kitu cheupe chenye nyuzi mbele yake, akili hukaa pembeni mkono ukafanya kazi.

Fifi akang'oa kishungi. Akakivuta kati ya vidole gumba viwili, pole pole, anapima urefu wa uzi. Akakisugua shavuni, kama walivyokuwa wakifanya mizanini. Akafumba macho. Akakitia mdomoni akakitafuna.

— Hm, — akasema. — Uzi mrefu. Unyevu hakuna. Lakini umechanganywa! Mwenye shamba huyu ni mwizi. Uzi huu umelala hivi, huu hivi, huu umekaa kama umegombana na jirani. Pamba haikuchambuliwa kabisa. Mkiipaka hivi hivi kwenye boti, fifi italowa, safi itabaki, na boti itakwenda upande.

— Upande upi? — akauliza Ngassa.

— Upande wa fifi.

Hapo ndipo nami bibi yenu nilipoingia kwenye dhambi hii. Mama yangu alikuwa akituambia, ukiona pamba imelala haijachambuliwa, umeona mtoto hajaogeshwa. Niliisikia sauti yake kabisa, kama yuko nyuma ya jiko. Nikavuta turubai nililokuwa nafunikia mkaa, nikalikung'uta, nikalitandaza. Mbavu akakaa, Bando akakaa akiwa na simu yake begani, Fifi akakaa kwenye kigoda kama bwana mizani. Tukachambua.

Tulichambua boti ya Ngassa kama pamba. Safi huku, fifi kule. Uzi mnyoofu kwenye rundo la kulia, uzi uliojikunja kwenye rundo la kushoto. Wapita njia wawili walisimama, wakaona watu wanachambua, wakachuchumaa nao bila kuuliza. Ukikuta kazi ya pamba kwa jirani huulizi. Tukaanza hata kuimba. Ngassa alisimama pale anakunja na kukunjua kofia yake. Alisema mara moja tu, taratibu:

— Kule kwetu mafundi huwa hawauchambui.

— Kwenu ni ziwani, — akasema Fifi, — pamba mtaijulia wapi?

Saa sita hivi robota zima la mkeka lilikuwa limekwisha. Kulikuwa na vichuguu viwili vyeupe vinafika magotini. Na hapo ndipo Mbavu alipoanza kujikuna shingo.

— Kuna mbu.

— Mchana huu? — nikasema, na mimi nikajikuna kiwiko. Kisha kiwiko cha pili. Kisha mahali ambapo bibi hajikuni mbele za watu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — akasema Fifi, na hiyo ndiyo methali ya mwisho tuliyoipata kwake siku hiyo, maana ulimi ulikuwa umeanza kumjaa mdomoni kama kiatu cha mtu mwingine. — Nyie, undi wandu unadaka.

— Anasema nini?

— Anasema ulimi wake unawaka, — akatafsiri Bando, ambaye alikuwa amevua shati na anajisugua mgongo kwenye boti kama ndama kwenye mti. — Hapa kwenye simu imerudi! "Onyo: usishike nyuzi hizi bila..." Imekata.

— Bila nini, we Januarius? Bila nini?

— Bila! Ndipo ilipokatia!

Wale wapita njia wawili walikimbilia bombani. Halikuwa linatoka. Mbavu akashauri tupakane samli, tukapakana, nyuzi zikazama vizuri zaidi. Sasa fikirini: watu wanne tumelowa samli, tunajikuna, mmoja hawezi kusema, vichuguu viwili vya kioo vinang'aa juani, na boti iko vilevile ilivyokuja. Ndipo basi la Lamadi likasimama, akashuka mwanamke mwenye begi moja na ndala za majini.

— Mwadila, — akasema.

— Mwadila, mayu, — nikamjibu nikijikuna. — Mhola?

— Mhola tu. Mimi ni Minza. Baba, shikamoo.

— Marahaba, — akasema Ngassa. Hakumtazama usoni.

Minza alitutazama sisi, akatazama vichuguu, akatazama boti. Hakuuliza lolote kati ya yale ambayo mimi ningeuliza. Aliizunguka boti mara moja, mkono wake ukiipapasa ubavuni, kisha akasimama nyuma, pale Mbavu alipopaita nyonga.

— Mbao za chini ya sakafu, — akauliza, — zimeoza kutoka wapi mpaka wapi?

Mbavu alimtazama Bando. Bando alitazama simu. Fifi akainua kidole, akakumbuka ulimi, akakishusha. Tangu asubuhi tulikuwa tumeongea habari ya ngozi tisa, na kiboko, na mtandao, na harusi, na kuna mtu alikuwa ametafuna kioo. Lakini kuingia ndani ya boti ile na kuinua sakafu, hakuna aliyekuwa ameingia isipokuwa kuku.

— Nauliza kwa sababu, — akasema Minza, — huwezi kumchagulia mtu nguo hujajua ni ya harusi au ni sanda. Kama mihimili ni mizima, mkeka unatosha kuziba juu. Kama imeoza, hata ukipaka mikeka kumi unapaka juu ya uji. Hapo inatakiwa mbao mpya, na kile kitambaa kilichofumwa kiivae mbao na kishike ubavuni mwa boti. Nani amefungua sakafu?

— Baba yako ndiye mwenye boti, guku, mzee wetu huyu hapa, — akasema Mbavu, — mwulize yeye.

Minza akamgeukia.

— Baba?

Ngassa alikuwa bado anakunja kofia.

— Sijafungua, — akasema.

— Tangu lini?

— Pale karibu na injini pananesa. Mwaka wa tatu huu. Niliweka gunia juu.

— Lile gunia ambalo hukutaka nilitoe? Ukasimama juu yake kila siku tukitoka?

— Nilisimama mimi ili usisimame wewe.

Mbavu aliacha kujikuna.

— Nilijua, mwanangu, — akasema Ngassa. — Ndiyo maana nimeileta huku mbali, nikasema, Bariadi hakuna mtu wa boti, watapaka juu, itang'aa, itarudi Jumapili, kaka zako wataiona nzima, itakuwa yako. Ikifunguliwa Kalemela ikakutwa ni unga, Mihayo hangengoja jua lizame, angekuja na msumeno.

— Kwa hiyo ulitaka waione nzima wao.

— Ndiyo.

— Na mimi nikiwa katikati ya maji na dagaa wamejaa, ningeiona ilivyo.

Ngassa akaikamua kofia kama nguo mbichi.

— Baba, ukinipa boti iliyopakwa juu utakuwa umenipa jeneza, tena lenye injini. Nipe mbovu. Nipe mbovu nikiiona, nitajua la kuifanya.

Nilitaka kumimina kahawa ili mikono yangu iwe na kazi. Birika lilikuwa tupu; sikumbuki nani alimaliza.

Ngassa akavaa kofia. Akaingia ndani ya boti, akafukuza kuku, akapiga magoti nyuma kule, akalivuta lile gunia akalitupa nje kwenye vumbi. Akanyoosha mkono.

— Bisibisi, — akasema.

Minza akaitoa kwenye begi lake akampa. Na akaingia naye.

Waliinua sakafu pamoja. Tulisimama wote tunachungulia kama kwenye shimo la kisima. Kibao cha nyuma kinachobeba injini kilikuwa kimeoza kabisa. Minza aliingiza kidole, kikazama mpaka kifundo, kikatoka na unga mweusi. Mihimili miwili ya nyuma, hivyo hivyo. Aligonga kwa mpini wa bisibisi akielekea mbele: du, du, du. Kisha ikaja sauti nyingine. Ko. Akagonga tena. Ko. Kuanzia katikati mpaka mbele, boti ilikuwa nzima.

— Nusu, — akasema Minza.

— Nusu, — akasema Ngassa, na akaketi humo humo kwenye uozo, akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo, si cha mtu aliyefiwa.

Sylvester alirudi saa tisa. Aliposhuka kwenye pikipiki alitazama turubai langu kwa muda mrefu sana.

— Nani, — akasema, — amefanya nini?

Tukamweleza, tukijikuna. Alikaa chini, akashika kichwa, tukadhani analia, kumbe anacheka. Baadaye akasema, haya, mkeka hakuna tena, lakini uzi ni uzi: ukikorogwa na gundi unakuwa ugali mzito wa kujazia kona, pale mbao mpya zinapokutana na ubavu. Kisha kitambaa juu yake. Akachukua rundo la safi na rundo la fifi, akayamwaga yote kwenye karai moja, akakoroga.

Fifi alitoa sauti. Ulimi ulikuwa bado haujarudi, lakini tulielewa kila neno. Miaka thelathini ya mizani, na mtu anachanganya mbele ya macho yake.

Walifanya kazi Alhamisi jioni, na Ijumaa, na Jumamosi. Minza ndiye aliyekata mbao. Ndiye aliyesema gundi ya makopo mawili madogo, ile ghali inayong'ang'ania mbao, ishike mbao na kitambaa, na ile ya kopo kubwa, ya bei nafuu, iende kwenye viraka vya nje. Mbavu alishika ubao, amevaa glavu mpaka kwenye kwapa. Bando alizima simu. Jumapili asubuhi tuliipandisha kwenye lori, watu kumi na nne, na mtu akapiga vigelegele. Mbavu akafumba macho. Haikuvunjika.

Boti iligusa maji kabla mwezi haujaisha, ikawa ya Minza. Ngassa aliishi misimu mingine miwili ya pamba, na kila siku alikwenda ufukweni kumpokea mwanawe. Alipofariki, ukoo ulikaa baada ya matanga kugawa. Mihayo alirithi ng'ombe na fimbo ya baba yake. Kristofa alirithi mashamba ya mpunga, na koti. Gari la kukokotwa lilikwenda kwa mjomba. Sisi wa kijiweni, ambao hatukuwa ndugu, tuliletewa birika la Mzee Ngassa, ndilo hili, na maneno kwamba linywewe na watu wasiojua kitu. Fifi amekwishatutoka, mizani yake ya mkono anayo Bando, na anapima nayo vocha.

Boti haikutajwa kwenye kikao. Mihayo alitaka kuitaja, akageuka kuitazama pale ufukweni, hakuiona. Minza alikuwa amekwishazika na amekwishalia. Siku ile ya kugawana alisema hana cha kungojea, akasukuma boti alfajiri akaenda kuvua.